Kiswahili Mbele ya Hukumu ya Hannah Arendt

Msomaji, lugha unayoisoma katika ukurasa huu imepata kuandikwa, katika kitabu cha mtu mashuhuri, kwamba haistahili kuitwa lugha. Hakuandika hivyo mlevi wa kilabuni, wala setla aliyezoea kuwaamuru vibarua wake kwa maneno kumi ya jikoni. Aliandika mwanamke msomi, mwenye akili kali na moyo wa ushujaa, ambaye yeye mwenyewe alipata kufukuzwa katika nchi yake kwa sababu ya asili yake, na ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwafundisha watu kwamba kutofikiri ni mlango ambao uovu mkubwa hupitia. Jina lake ni Hannah Arendt. Kusudi langu ni kumjibu, tena kumjibu kwa lugha ile ile aliyoikana.

Kwanza umjue, kwa kuwa si haki kumshitaki mtu ambaye baraza halimjui. Alizaliwa mwaka 1906 karibu na mji wa Hannover, Ujerumani, katika nyumba ya Wayahudi, akalelewa Königsberg, mji wa mwanafalsafa Kant. Alisoma Marburg na Heidelberg, na utafiti wake wa shahada ya udaktari ulihusu maana ya mapenzi katika maandiko ya Augustino, ambaye usisahau kuwa alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwaka 1933, chama cha Hitler kiliposhika dola, alikamatwa na polisi mjini Berlin akawekwa kizuizini siku kadhaa. Alipotoka alikimbia, akapita Prague na Geneva hadi Paris. Mwaka 1940 alifungwa tena, mara hii katika kambi ya Gurs kusini mwa Ufaransa. Akatoroka, na mwaka 1941 alifika New York bila mali, bila nchi. Kutoka 1933 hadi 1951, yaani miaka 18, hakuwa na serikali yoyote chini ya jua ambayo ingesema, huyu ni wetu.

Mateso hayo hayakumfanya mwenye kulialia. Yalimfanya mwenye kuuliza. Mwaka 1951 alitoa kitabu kikubwa, The Origins of Totalitarianism, ambamo alichunguza chanzo cha utawala wa imla, ule usiotosheka kutawala vitendo vya watu bali hutaka kumeza hata mawazo yao. Humo alisema jambo ambalo mtu aliyekaa nchini mwake kwa raha hawezi kuliona kwa urahisi. Tunazoea kusema kuwa kila binadamu ana haki kwa sababu ni binadamu. Lakini yeye aliona kwa macho yake kwamba mtu akibaki na ubinadamu peke yake, bila taifa, bila cheti, bila jamii inayomtambua, haki zile hupeperuka kama makapi. Iko basi haki moja inayotangulia nyingine zote, nayo ni kuwa mmoja wa jamii ambayo maneno yako yatasikiwa humo. Ukidhani hayo ni mambo ya Ulaya tu, waulize Wamakonde wa Kwale. Walikaa Kenya miongo mingi, wakazaa watoto na wajukuu, lakini mtoto wao hakuweza kupata kitambulisho, wala mvuvi wao leseni ya kwenda baharini bila hofu, mpaka mwaka 1916 ungekuwa umepita miaka mia. Maana walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016. Arendt angewaelewa Wamakonde mara moja. Hilo liandikwe upande wake katika mizani.

Kisha ilikuja kesi ya Eichmann. Huyu alikuwa ofisa wa polisi wa Hitler, kazi yake kupanga treni zilizowachukua Wayahudi kutoka pande zote za Ulaya hadi kwenye kambi za mauti. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa katika vita ile. Eichmann alijificha Argentina, akakamatwa mwaka 1960, akahukumiwa Yerusalemu mwaka 1961 na kunyongwa mwaka 1962. Arendt alikwenda kusikiliza kesi hiyo kwa niaba ya gazeti la New Yorker, na mwaka 1963 akatoa kitabu kilichomletea maadui kuliko vyote alivyoandika. Watu walitazamia asimulie habari za jitu lenye pembe. Yeye alisema alimwona karani. Alimwona mtu aliyevaa miwani, mwenye mafua, asiyeweza kutamka sentensi moja isiyokuwa ya kuazima; mtu aliyekiri barazani kwamba lugha ya ofisi ndiyo lugha pekee aliyoijua. Kosa lake, alisema Arendt, halikuwa upumbavu. Lilikuwa kukataa kusimama, hata kwa nukta moja, mahali pa mtu mwingine na kuutazama ulimwengu kutoka hapo. Alikuwa na ghala la maneno yaliyokwisha tengenezwa, na kila ukweli ulipobisha hodi alitoa neno moja katika ghala lile akauzuia mlangoni.

Wako waliomkasirikia wakisema kuwa amemtetea mwuaji. La hasha, aliafiki hukumu ya kifo. Wako pia waliosema, na hawa wana hoja, kwamba alidanganywa na kinyago cha mshitakiwa. Maandishi na kanda za sauti alizoziacha Eichmann Argentina, ambazo Bettina Stangneth alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 2011, zinaonyesha mtu aliyejivunia mauaji na kuwachukia Wayahudi kwa moyo wake wote. Mimi naona kwamba hata ikiwa Arendt alikosea juu ya mtu yule mmoja, hakukosea juu ya makarani wengine elfu waliopiga mihuri. Lakini hayo si shauri letu leo.

Shauri letu ni hili. Mwaka 1970 Arendt alitoa kitabu kidogo kiitwacho On Violence, juu ya matumizi ya nguvu katika siasa. Ilikuwa wakati wa ghasia katika vyuo vikuu vya Marekani. Wanafunzi Weusi, miongoni mwa madai yao, walitaka kufundishwa historia na fasihi ya Afrika, na Kiswahili. Katika nyongeza zilizowekwa mwishoni mwa kitabu kile, Arendt aliyacheka madai hayo. Alidai kwamba Kiswahili ni kitu cha karne ya 19, namna ya usemi usiofikia daraja la lugha, uliotumiwa na misafara ya Waarabu wa pembe na watumwa, lahaja ya Kibantu iliyoshehenezwa maneno ya Kiarabu. Akaiweka fasihi ya Afrika pamoja nacho katika fungu la masomo yasiyokuwapo. Akatabiri kwamba siku moja wanafunzi hao wangeyaona masomo yale kuwa mtego wa mzungu wa kuwanyima elimu ya kweli. Na kwa ushahidi wa neno lake juu ya Kiswahili, alimpeleka msomaji wake kwenye Encyclopaedia Britannica ya mwaka 1961.

Basi! Mwanamke aliyekaa Yerusalemu akimsikiliza mtu anayesema kwa maneno ya kuazima, sasa anaazima neno katika ensaiklopidia, na kwa neno hilo anawahukumu mamilioni ya watu ambao hajapata kusikia hata mmoja wao akisema. Msomaji, usikasirike upesi. Tumtendee alivyotufundisha, tusimame kwanza mahali pake.

Hofu yake haikuwa ya kipumbavu yote. Aliogopa kwamba vyuo vikuu, kwa kutaka kuwanyamazisha wanafunzi, vingewapa masomo mepesi yenye majina ya fahari, na kuwaacha bila hesabu, bila sayansi, bila ufundi wa kuandika. Hofu hiyo yafaa tuwe nayo hata sisi. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kwa kukariri methali 20 na majina ya makundi ya wanyama, akapata alama, akafunga kitabu, hakufundishwa Kiswahili, amedanganywa. Tena ni kweli kwamba Kiswahili kilisafiri bara katika karne ya 19 pamoja na misafara, na kwamba misafara ile ilibeba pembe na kuswaga watumwa. Mtu anayeficha jambo hilo haipendi lugha yetu, anaipaka poda. Tippu Tip mwenyewe, tajiri wa pembe na watumwa, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na simulizi yake ilichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903.

Lakini tangu lini lugha ikahukumiwa kwa dhambi za mmoja wa wasemaji wake? Kiingereza kilitoa amri katika merikebu zilizovuka Atlantiki na watu chini ya sitaha. Kijerumani kilitumika kuandika ratiba za treni za Eichmann. Hilo Arendt alilijua kuliko mimi na wewe. Mwaka 1964 alihojiwa katika televisheni ya Ujerumani na Günter Gaus, akaulizwa nini kilichombakia katika Ulaya aliyoijua kabla ya Hitler. Alijibu kuwa ni lugha ya mama yake. Alieleza kwamba aliikataa kabisa fikira ya kuipoteza, kwamba alihifadhi kwa moyo sehemu kubwa ya mashairi ya Kijerumani, na kwamba wazimu ule haukuwa wa lugha. Jawabu zuri sana! Ikiwa lugha ya Kijerumani inatoka safi katika mikono iliyofanya yale, ni sheria gani inayokifunga Kiswahili maisha kwa kosa la wachukuzi wa pembe?

Sasa tuje kwenye mashitaka yenyewe, na kwanza lile la umri. Alisema karne ya 19. Ziko barua za Kiswahili kutoka Kilwa, zilizoandikwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Utendi wa Tambuka, ambao Mwengo bin Athumani aliutunga Pate, una tarehe yake ya mwaka 1728. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga Al-Inkishafi akiyalilia magofu ya Pate, na Muyaka bin Haji alikuwa akiwatania mahasimu wa Mombasa kwa mashairi yake kabla misafara mikubwa haijafika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha ambao unasomwa hadi leo. Watu hawa hawakuwa wakihesabu pembe. Walikuwa wakipima mizani, wakitafuta vina, wakibishana juu ya kifo, dola, mapenzi na Mungu. Zaidi ya hayo, nyingi za tungo hizo ziliishi vifuani mwa watu, nyingine vifuani mwa wanawake wa Lamu na Pate, kama vile mashairi ya Kijerumani yalivyoishi kifuani mwa Hannah Arendt.

Lile la pili ni la mchanganyiko. Hapa nataka ufanye jaribio mwenyewe, usiniamini mimi. Chukua neno fikiri. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, sikatai. Lakini litazame lilivyokuwa baada ya kuingia nyumbani mwetu: fikiri, fikiria, fikirika, fikirisha, fikirishana. Lipe nafsi, lipe wakati, lipe kikanushi: tusingalifikirishana. Hakuna Mwarabu atakayelitambua neno hilo, na hakuna Mbantu, awe Mkikuyu au Mzulu, ambaye hataona ndani yake mfupa wa lugha yake mwenyewe. Kiswahili hakikumezwa na Kiarabu. Kilikula Kiarabu, kikakiyeyusha, kikapata nguvu. Na hivyo ndivyo lugha zote kubwa zilivyofanya. Ondoa Kifaransa na Kilatini katika Kiingereza, nacho kitabaki na nini cha kuendeshea mahakama au bunge? Hata maneno ambayo Arendt mwenyewe aliishi kwayo, siasa, falsafa, udhalimu, katika Kijerumani na Kiingereza alichoandikia, si ya Kijerumani wala ya Kiingereza. Ni ya Wayunani. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hiyo kuwa anasema lugha isiyokuwapo.

Tena kuna jambo linalouma zaidi, nami nalisema kwa huzuni. Wayahudi wa Ulaya ya mashariki walikuwa na lugha yao, Kiyidishi, iliyojengwa juu ya Kijerumani, ikapokea maneno mengi ya Kiebrania na ya Waslavi, na ikaandikwa kwa hati za Kiebrania. Linganisha na Kiswahili, kilichojengwa juu ya Kibantu, kikapokea maneno mengi ya Kiarabu, kikaandikwa kwa hati za Kiarabu. Ni ndugu wawili wasiojuana! Kwa muda mrefu wasomi waliojiona wastaarabu, na miongoni mwao Wayahudi wa Ujerumani, waliibeza Kiyidishi kuwa si lugha, ni matamshi mabovu ya sokoni. Mwaka 1978 mwandishi wa Kiyidishi, Isaac Bashevis Singer, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Dharau iliyotupwa juu ya watu wake Arendt aliijua, aliichambua, aliandika juu yake kurasa nyingi. Kisha aliiokota chini, akaifuta vumbi, akatutupia sisi. Nyani haoni kundule.

Wala asitetewe mtu kwa kuambiwa kwamba mambo ya Afrika yalikuwa mbali naye. Hayakuwa mbali hata kidogo. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuandika sarufi na kamusi ya Kiswahili, alikuwa Mjerumani. Mjini Berlin Kiswahili kilifundishwa katika Chuo cha Lugha za Mashariki tangu mwaka 1887, miaka 19 kabla Arendt hajazaliwa, maana serikali ya Kaiser ilijua kuwa haiwezi kutawala Tanganyika bila lugha hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekusanya habari za desturi za Waswahili, alifundisha huko na alifia Berlin mwaka 1927.

Na yuko mwingine, ambaye nakuomba ulishike jina lake. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa bado mtoto alipoingia katika jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake, askari, katika Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara waliyokuwa hawajalipwa, yeye na baba yake, akanyimwa. Akabaki, akafanya kazi ya kupakulia watu vyakula na vinywaji, akaigiza katika sinema, na kuanzia mwaka 1931 akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo. Kati ya 1931 na 1933 yeye na Hannah Arendt waliishi katika mji mmoja. Sisemi walikutana. Nasema walipumua hewa moja, na wenye nguvu walikuwa wakiwawinda wote wawili kwa sababu ya damu yao. Arendt alikimbia. Husen hakukimbia. Katika sinema moja ya mwaka 1941 alipewa sehemu katika hadithi iliyotungwa kumsifu Carl Peters, yule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo alikamatwa, kosa lake uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa bila kesi katika kambi ya Sachsenhausen. Huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944.

Fikiri juu ya jambo hili, msomaji. Mwalimu wa Kiswahili alikufa katika kambi ya wale wale waliotaka kumwua Arendt. Miaka 26 baadaye Arendt aliandika kuwa somo la mwalimu yule halikuwapo.

Hakuna ubaya katika kutojua. Hakuna mtu anayejua yote. Lakini wakati Arendt anaandika, Shaaban Robert alikuwa amekwisha kufa, ameacha diwani, hadithi na insha nyingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetangazwa kwa Kiswahili, na likagombaniwa na wasomi wa siasa wa dunia nzima. Rais Nyerere alikuwa ameshatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu ambaye kazi yake ni siasa, anayetafuta mfano wa watu wanaojaribu kuanza jambo jipya pamoja kwa kusema na kusikilizana, ambao ndio moyo wa mafundisho yake, angepata mfano huo hapo hapo, ungali moto, katika lugha aliyoibeza. Hakutazama. Alifungua ensaiklopidia akaifunga.

Baada ya kusema hayo, nasikia wako watakaopiga makofi na kusema, tupa vitabu vyake. Ndugu zangu, mimi siwafuati. Kwanza, huko ni kutenda kama alivyotenda yeye, yaani kuhukumu maktaba nzima kwa mistari michache. Pili, mtu huyu alikuwa anafundishika. Mwaka 1959 aliandika makala mabaya juu ya Little Rock, Marekani, ambako miaka miwili kabla watoto Weusi walizomewa na makundi ya wazungu walipokwenda kuingia shule ya wazungu. Aliwalaumu wazee wa watoto hao kwa kuwatia katika vita vya watu wazima. Mwandishi Ralph Ellison alimjibu, akaeleza kuwa hakuelewa wazee wale walikuwa wakiwafundisha watoto wao nini juu ya ujasiri. Mwaka 1965 Arendt alimwandikia barua akikiri kwamba Ellison alisema kweli, na kwamba yeye hakuielewa hali ile. Ni wasomi wangapi unaowajua ambao wamepata kuandika barua kama hiyo? Alihitaji Ellison wa Kiswahili. Alifariki New York mwaka 1975, na kitabu chake kinaendelea kuchapwa na maneno yale ndani yake.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu: tukimtupa Arendt tutapoteza fimbo nzuri ya kujichapia wenyewe. Kwa sababu hukumu yake juu ya Kiswahili haikufa naye. Iko Nairobi, iko Kisumu, iko Mombasa kwenyewe. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, kulikuwa na kibao kilichofungwa uzi. Aliyesikiwa akisema Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili, au akisema lugha ya kwao siku yoyote, alivikwa shingoni. Njia ya kukivua ilikuwa moja tu, kumtafuta mwingine mwenye kosa lile lile na kumvika. Jioni mwenye kibao alichapwa. Nakumbuka tulivyonyemelea nyuma ya mabweni, masikio yamesimama kama ya sungura, tukimwombea rafiki ajisahau aseme neno la mama yake. Mwalimu hakuwa na haja ya kuwapo. Sisi wenyewe tuliiendesha mashine.

Silinganishi kibao na kambi ya mauti; mwenye kulinganisha hivyo hajui kambi, na amesahau waliokufa humo. Nasema tu kwamba nilipomsoma Arendt miaka mingi baadaye nilielewa kwa mara ya kwanza kibao kile kilikuwa kitu gani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mwovu. Kila mmoja alikuwa akipitisha. Aliyeniuliza kwa nini nimemvika mwenzangu nilimjibu kuwa ndiyo sheria ya shule, na jawabu hilo lilinitosha kabisa. Wala sikupata kusimama mahali pa mwenzangu mpaka jioni ilipokuwa zamu yangu. Sikuyaelewa hayo kwa kusoma mtu aliyeisifu lugha yangu. Niliyaelewa kwa kumsoma mtu aliyeitukana.

Kwa hiyo ninakutaka msome, ukiwa na penseli mkononi. Soma sura zake juu ya watu wasio na taifa. Soma alivyoonyesha kwamba Wazungu waliojifunza Afrika kutawala watu kwa rangi na kwa amri za ofisi walirudi na ujuzi huo Ulaya. Na unaposoma hayo wakumbuke Waherero na Wanama, ambao jeshi la Wajerumani liliwaangamiza kuanzia mwaka 1904. Lakini katika kurasa hizo hizo angalia anavyowataja Waafrika, kana kwamba walikuwa watu wasio na historia mpaka mgeni aje na daftari. Hapo simama. Weka alama. Andika pambizoni jina la Mwengo na mwaka wake, au la Husen na mwaka wake, au la bibi yako kama alikuwa na utendi kifuani.

Pengine utaniuliza faida ya kumjibu marehemu kwa lugha ambayo hakuijua, maana hata angekuwa hai asingeweza kuisoma barua hii. Ni kweli, asingeweza. Mimi sikumwandikia yeye. Nimekuandikia wewe uliyeketi darasani na kitabu hiki, na ambaye kesho, baada ya kengele ya mapumziko, utasikia mwenzako akisema kwamba Kiswahili ni cha kuongea tu, hakina uwezo wa kubeba fikira nzito, na utatazamiwa kucheka pamoja naye.